Ya Hansa Imepanda?

Kanthor, 22 Januari 1997

Mdogo wangu Dinkar,

Ganesh atutangulie katika yote. Pokeeni salamu zetu za Jai Shri Krishna, wewe, wifi Ila na watoto. Sisi huku tu wazima, isipokuwa Baba Paresh, ambaye ni mzima nusu. Siku ya tiara alipanda darini pamoja na vijana, na umri wote ule, akateguka kifundo cha mguu. Sasa ameitawala baraza peke yake, mguu juu ya stuli, anaagiza chai kama bwana harusi. Nilimwuliza, "Ulikuwa unashindana na nani?" Akasema, "Na Chhagan wa duka." "Ukamweza?" "Nilimkata uzi. Ndipo nikaanguka." Na anasema kwa fahari! Paresh amepata kazi kwenye karakana ya kusugua almasi. Macho yake yananitia wasiwasi, lakini angalau ameacha kuzurura.

Sasa, Dinu, kilichonishikisha kalamu. Jana Chhagan alikuja na Champa wa jirani na kina mama wengine. Wakakaa, wakanywa chai, wakasifu gathia zangu za kukaanga. Nikajua kuna jambo, maana gathia zile zilikuwa za juzi. Mwishowe Chhagan akasema, "Hansaben, tunaomba cherehani irudi barazani."

Unajua kwamba tangu mafuriko ya mwaka juzi nimeiweka ghorofani, nashona kwa mkono. Wanasema kama iko juu siku zote, wao watajuaje? Nikawaambia, "Mtajua kwa king'ora cha manispaa, kama watu wengine wa mji huu." Wakacheka. Champa akasema, "Kile kinalia hata panya akikanyaga waya."

Mazoea haya tuliyaleta sisi wawili, tusimsingizie mtu. Tangu walipokupeleka kwenye milango ya bwawa la Dungri ulikuwa unapiga simu dukani: "Mwambieni Hansa wageni wawili wanakuja." Nami najua milango miwili imefunguliwa, mto utapanda kidogo tu. Ukisema wageni sita, napandisha cherehani ghorofani kwa ngazi za nje, mtaa mzima unaniona, na wao wanapandisha vyao. Miaka yote ile hakuna nyumba ya mtaa wetu iliyopoteza hata godoro. Watu wakaacha redio, wakalipuuza gari la manispaa na vipaza sauti vyake. Wakawa wanauliza kitu kimoja: "Ya Hansa imepanda?"

Na mwaka juzi, siku uliposema wageni wote, cherehani ilikuwa kwa fundi, mkanda umekatika. Nilipandisha magodoro, nilipandisha sufuria, nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Champa alimvuta mkono Reva Ba wa nyumba ya mbele, na yule bibi, na masikio yake ya uzeeni, akamwambia, "Bado. Cherehani ya Hansa haijapanda." Akafunga mlango. Maji yalipopungua walimkuta pale pale kwenye kiti chake cha dirishani.

Dinu, ukicheka sitakuandikia tena. Nyumba ile imefungwa tangu siku hiyo, mwanawe yuko Mumbai na hataki hata kuiona. Lakini Reva Ba bado anakaa dirishani. Jioni nikitoka kuwasha taa kwenye mrehani wetu wa ibada, namwona. Hanitishi. Anaziangalia ngazi zangu tu.

Nijibu upesi. Niishushe au nisiishushe?

Dada yako,
Hansa


Dungri, 3 Machi 1997

Dada Hansa,

Naigusa miguu yako na ya shemeji, hasa ule ulioteguka. Mwambie mjini hapa kuna mtu wa rika lake anayecheza karata na hajawahi kuanguka. Unisamehe kwa kuchelewa. Mama mkwe alipasuliwa mtoto wa jicho, Ila akaenda kumwuguza, nikabaki mimi na watoto na mitihani yao. Nimewapikia khichdi, wali na dengu kila siku, mpaka mdogo akaniuliza kama tumefilisika.

Kuhusu cherehani, ishushe. Kushona kwa mkono kutakumaliza vidole, na watu wa mtaa hawatakuacha upumue. Ni kifaa cha kazi, dada, kiweke panapofanyiwa kazi.

Kuhusu yule bibi, sikucheka. Lakini umeshona miaka mingi kwenye mwanga hafifu, na jioni kioo cha dirisha huakisi kila kitu. Nenda kapimwe macho. Mwende pamoja na Paresh.

Kuna jambo ningependa ulifikirie na shemeji. Binamu Suresh wa Baroda anasema nyumba ya jirani yake inapangishwa, iko juu, hewa safi, mbali na mto. Kwa nini msihamie huko kabla ya mvua? Hata kwa msimu mmoja.

Habari za bwawani ni zile zile.

Mdogo wako,
Dinkar


Kanthor, 30 Machi 1997

Mdogo wangu,

Holi na rangi zake imepita salama, ila nywele za Baba Paresh bado ni za kijani na dukani wanamwita kasuku. Tunamshukuru Krishna kwa macho ya mama mkwe wako. Mwambie wifi nimemshonea sketi mbili za ndani za sari, na hizo nimezishona kwa cherehani.

Ndiyo, nimeishusha. Ungeona! Nilidhani nitaishusha kimya kimya baada ya chakula cha mchana, watu wakiwa wamelala. Nilipofika ngazi ya mwisho mtaa wote ulikuwa umesimama. Chhagan alileta pipi za maziwa. Mtu akaivika shada la maua, mwingine akaipaka rangi nyekundu kama sanamu ya hekaluni, na mtoto wa Champa akaiinamia. Nikawaambia, "Jamani, hii inashona petikoti." Baba Paresh akasema, "Mwaka huu mungu wetu anatiwa mafuta ya mashine." Nilicheka hadi nikalia, kisha nikalia kweli.

Jioni ile Reva Ba alikuwa dirishani, na alinitikisia kichwa kwa kuridhika, vile alivyokuwa akifanya akikuona umetoka shule na viatu vyako bado miguuni. Macho yangu mazima, Dinu. Natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Na kioo cha dirisha lile kilivunjwa na mafuriko, mwanawe hakuweka kingine. Hakuna kitu cha kuakisi pale.

Baroda siendi. Nikiondoka na mizigo kabla ya mvua, mtaa huu utasema ndugu yake wa bwawani amemwambia jambo, na watakimbia wote kabla hata ya wingu. Au watasema Hansa amewakimbia. Vyovyote vile, mimi sikai huko juu nikila hewa safi huku wenzangu wakiangalia ngazi tupu.

Swali moja dogo. Juu ya barua yako umeandika Dungri, lakini muhuri wa posta ni wa Bodvad. Bodvad si kule kwenye mashamba ya miwa, mwendo wa nusu siku kwa basi kutoka bwawani?

Dada yako,
Hansa


Dungri, 18 Mei 1997

Dada Hansa,

Joto la mwaka huu halisemeki. Tunakula uji wa maembe mchana na jioni, na watoto wamepata vipele. Wamefaulu wote wawili, yule mdogo kwa huruma ya mwalimu. Ila amezipokea sketi na anakushukuru.

Bodvad nilipita kikazi.

Niliposikia kwamba umekataa Baroda sikushangaa, lakini nataka unisikilize hili kwa makini. Bwawa linafanya kazi mbili zinazogombana. Wakulima na mitambo ya umeme wanalitaka limejaa. Ninyi mlio chini mnalitaka liwe na nafasi, ili mvua kubwa ikija lipate pa kuimeza. Ndoo ikiwekwa chini ya bomba ikiwa tupu inachukua muda kujaa, ikiwekwa imejaa inamwagika papo hapo. Mwaka jana mvua ilikuwa haba, kila mtu akalalamika, kwa hiyo mwaka huu wakubwa hawataki kumwaga hata tone mapema. Ziwa liko juu kuliko linavyotakiwa kuwa kabla ya msimu. Mvua ikiwa nzito huko milimani, hawatafungua mlango mmoja leo na mwingine kesho. Watalazimika kufungua yote kwa mkupuo.

La pili, bahari. Mwezi ukiwa mpevu katikati ya Agosti kutakuwa na bamvua, na maji ya bahari yatausukuma mto urudi nyuma. Maji ya bwawa yakikutana na bamvua pale Kanthor, hayana pa kwenda ila mitaani kwenu.

Manispaa imepaka pete za rangi kwenye nguzo za daraja: nyeupe, njano, nyekundu. Maji yakigusa njano, pandisheni vitu. Yakikaribia nyekundu, tokeni, nendeni shule ya juu, pale kwenye mwinuko. Sikilizeni king'ora. Usinisubiri mimi.

Mdogo wako,
Dinkar


Kanthor, 4 Juni 1997

Dinkar,

Sisi wazima. Salamu kwa wifi na watoto.

"Usinisubiri mimi." Nimeyasoma maneno hayo mpaka karatasi imelegea. Kwa nini nisikusubiri? Umeumwa? Umekufa, ananiandikia mtu mwingine?

Jana nilikwenda dukani, nikamwambia Chhagan anipigie ofisi ya Dungri. Akafurahi, akadhani nauliza hali ya wageni. Akapokea kijana mmoja. Nikasema, "Nataka Dinkarbhai wa milango." Akasema, "Dinkarbhai yupi?" Nikasema, "Wa milango ya bwawa, wako wangapi?" Akasema, "Aa, yule! Huyo alihamishiwa kwenye mifereji, mama, Bodvad. Tangu kabla ya Diwali ya mwaka jana." Nikaweka simu. Chhagan ananiangalia na meno yote nje. "Anasemaje? Mambo shwari?" Nikamwambia, "Shwari."

Nimemdanganya kwa ajili yako!  Tangu kabla ya Diwali, Dinu. Umeniambia niishushe cherehani huku ukijua hakuna tena wa kuniambia niipandishe. Mtaa mzima unalala kwa macho yako, na macho yako yako kwenye miwa. Watu wale walivisha maua chuma! Wewe ukaniandikia kuhusu vipele na maembe.

Jioni Reva Ba alikuwa dirishani kama kawaida. Nilishindwa kumtazama. Nilihisi kama mimi ndiye niliyekufa na yeye ndiye aliyebaki kuuliza.

Usiniandikie mpaka uwe na la kweli.

Hansa


Bodvad, 6 Julai 1997

Dada,

Nimeandika jina la mahali nilipo. Naigusa miguu yako ukiniruhusu.

La kweli ni hili. Baada ya mafuriko yale kulikuwa na uchunguzi, na mtu akasema kuna mfanyakazi wa milango anayepigia simu jamaa zake kabla tangazo halijafika kwa mkuu wa wilaya. Wakasema maneno ya pembeni ndiyo yanayowafanya watu wasisikilize tangazo halali. Nilikasirika sana nikasema nimeokoa mtaa mzima kwa miaka. Mzee mmoja kwenye kikao akaniuliza kwa upole, "Mtaa mzima?"  Wakanipa mifereji. Kazi yangu sasa ni kugawa maji kwa wakulima wa miwa na kuamua nani kaiba zamu ya nani.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa. Nilijua ukijua utawaambia, na wakijua, basi mimi ni mtu aliyewazoesha kitu kisha akawaacha mikono mitupu. Kila wiki nilisema nitaandika wiki ijayo. Hata kule kukuhimiza mwende Baroda, nilitaka utoke bila ya mimi kusema kwa nini.

Na kuhusu Reva Ba. Nilikuambia ukapimwe macho, nami nilijua sivyo. Msimu wa mwisho nilipokuwa milangoni, mwaka jana, kila nilipoinua simu kupiga dukani, kabla Chhagan hajapokea nilisikia mtu anapumua. Si mkwaruzo wa waya, naijua mikwaruzo yote ya simu ile. Pumzi ya mtu mzee. Halafu sauti ya chini: "Imepanda?" Nilikuwa naisogeza simu mbali na sikio mpaka Chhagan aanze kupiga haloo. Sijamwambia Ila. Siku waliponiondoa kwenye milango, kwa upande mmoja nilishukuru, Mungu anisamehe.

Sijui tufanye nini, dada. Mimi huku nagawa maji na nasubiri mvua kama mkulima, ila mwenzangu anaiombea na mimi naiogopa.

Dinkar


Kanthor, 27 Julai 1997

Mdogo wangu Dinkar,

Tu wazima. Baba Paresh anapona mguu, anaumwa mgongo, utajua kwa nini. Paresh ameleta mshahara wake wa kwanza, akaniwekea miguuni, na mimi nikamrudishia nusu bila baba yake kuona. Mvua zimeanza vizuri, za kawaida.

Nilisoma barua yako mara nyingi. Nimekasirika bado, usifikiri nimemaliza. Lakini mtu aliyesikia pumzi ile peke yake ofisini, na akaendelea kupiga simu, siwezi kumwita mwoga.

Niliwaambia. Niliita mkutano barazani, nikasema wazi, "Dinu hayupo tena kwenye milango. Msiiangalie cherehani." Unajua walifanya nini? Walikonyezana. Chhagan akapunguza sauti: "Tumeelewa, Hansaben. Amri za serikali. Lazima useme hivyo." Nikasema, "Chhagan, naapa kwa mwanangu!" Akasema, "Ndiyo, ndiyo, apa. Siku ikifika tutaona ngazi." Ningemwaga chai yote kichwani pake.

Basi nikaona kama maneno hayaui mazoea, nitayaua kwa miguu. Kesho yake asubuhi nikaipandisha cherehani. Hakuna wingu. Mtaa mzima ukalipuka: magodoro, magunia ya ngano, mbuzi wa Champa kwenye ngazi, wazee wakibebwa. Alasiri nikaishusha. Siku ya pili nikaipandisha tena, wakapanda nusu yao. Siku ya tatu Champa alisimama katikati ya njia akaniita kichaa, mwanamke asiye na haya, anayechezea roho za watu. Nikamwambia, "Niite mengine. Ukimaliza, nenda kaangalie nguzo za daraja, rangi ziko pale." Baba Paresh ananishikia upande mmoja, analaani kila ngazi kwa jina lake. Naipandisha na kuishusha kila siku iendayo kwa Mungu. Chhagan haniuzii sukari. Na sasa, Dinu, hakuna anayegeuka. Nikipita na cherehani ni kama nimepita na ndoo.

Na Champa, kwa hasira tu, ili kunionyesha kwamba hanihitaji, anakwenda darajani kila asubuhi kuzisoma pete. Akirudi anapiga kelele mtaani, "Nyeupe bado kavu!" bila kunitazama. Kina mama wamegawana zamu za redio. Naumia wanavyonichukia, sitakuficha. Usiku mwingine nalia. Lakini wanakwenda darajani.

Amebaki mmoja tu anayeangalia. Nikiipandisha, Reva Ba anainuka kitini. Nikiishusha, anakaa tena. Kila siku anainuka na kukaa, na magoti yake yale. Namchosha mzee wa watu na sijui nimwambieje aache.

Uzi wako wa rakhi, ambao dada humfungia ndugu yake, nimeuweka humu ndani, ufunge mkononi siku ya mwezi mpevu. Hasira ni yangu, uzi ni wa mama yetu mmoja.

Dada yako,
Hansa


Bodvad, 15 Agosti 1997

Dada Hansa,

Uzi umefika, Ila amenifungia leo, sikuweza kungoja siku yake. Mvua ya milimani haijakatika. Tumeamriwa kufunga vichwa vya mifereji yote, pale maji yanapoingilia, na hilo lina maana moja tu, kwamba maji yote yanakuja kwenu. Milango mingapi imefunguliwa sijui, hakuna anayeniambia, na simu ya Kanthor imekatika. Najua barua hii haitakimbia kuliko mto. Naiandika kwa sababu mikono yangu haina kazi nyingine.

Toka, dada. Usiangalie nyuma wala nyumba ya mbele. Toka.

Dinu


Shule ya juu, Kanthor, 2 Septemba 1997

Mdogo wangu Dinkar,

Tumhimidi Mungu. Sote tu hai. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua. Mimi, Baba Paresh, Paresh, Champa na watoto na mbuzi, Chhagan na tumbo lake, mtaa wote. Hakuna hata mmoja tuliyempoteza. Barua yako imenifikia jana, karatasi imefura lakini inasomeka. Mwambie Ila ahsante kwa kukufunga uzi.

Nyumba imesimama. Ghorofa ya chini yote ni tope mpaka kwenye dari, na baraza imekwenda. Tunalala darasa la tatu, chini ya picha ya ng'ombe na viungo vyake. Baba Paresh anasema akiamka amejifunza.

Maji yalikuja mchana, baada ya chakula. Asubuhi Champa alirudi kutoka darajani na hakupiga kelele, alikuja moja kwa moja mlangoni kwangu, mara ya kwanza tangu aniite kichaa. Akasema, "Njano imezama." Nikamwambia, "Usiniambie mimi, waambie wote." Akawaambia. Watu wakapandisha vitu vyao bila kutazama kwangu, Dinu, nilisimama barazani na cherehani iko chini pale pale miguuni pangu na hakuna aliyegeuza shingo. Kisha king'ora kikalia na wakaanza kutoka, wazee mbele, watoto migongoni. Wanakwenda kabla maji hayajafika kwenye kizingiti. Sijawahi kuona kitu kizuri kama migongo yao.

Baba Paresh alikuwa amefunga mlango, ananishika mkono, maji yameanza kutambaa njiani. Nikageuka. Reva Ba alikuwa kitini. Ananiangalia, anaiangalia cherehani. Hakuinuka.

Nikamwachia Baba Paresh mkono. Alipiga kelele zote anazozijua. Nikainama nikaibeba cherehani peke yangu, sijui nguvu nilizipata wapi, ngazi moja moja, nikaiweka ghorofani na nikashuka. Maji yalikuwa magotini nilipovuka njia. Mlango wake ulikuwa umefura, komeo limeoza, nikausukuma kwa bega ukafunguka. Ndani kunanuka udongo wa mwaka juzi. Nikasimama mbele ya kile kiti nikasema, "Ba, imepanda. Twende sasa." Nikanyoosha mkono.

Sitakudanganya, mkono wangu ulikuwa mtupu. Sikushika kitu, sikusikia baridi wala joto. Lakini nilitoka nao umenyooka vile vile, kama unavyomshika mzee kiwiko, na nikatembea polepole kwa mwendo wake, maana asingeweza kwenda haraka. Baba Paresh aliona. Alishika mbele kutupimia kina.

Kwenye kona, pale njia inapoanza kupanda, watu walikuwa wamesimama kutusubiri. Chhagan, kina mama, wote. Nikaona wanauangalia mkono wangu. Nikajisemea, sasa wataniita kichaa kwa haki. Champa akamkabidhi mtu mtoto wake, akarudi majini mpaka kiunoni, akanifikia. Uso wake ulikuwa umejikunja kama wa mtoto.  Alikwenda upande wa pili, ule aliomvuta Reva Ba siku ile mlango ukafungwa, akanyoosha mkono wake naye, akaushika upepo kwa uangalifu, chini kidogo ya bega.

Tulipanda hivyo mpaka shuleni, kwa mwendo wa bibi, na watu wakatupisha njia ya watu watatu.

Tuombee.

Dada yako,
Hansa